Kulwa, Wawili

Majirani wa Veneranda Ngollo pale Ipuli, mjini Tabora, waliamini kwa muda mrefu kwamba yeye ni mtu wa Maliasili. Walikuwa wamemsikia kwenye simu, amesimama uani anatafuta mtandao, akisema kwamba mti umekuwa mkubwa mno na lazima apunguze matawi. Na siku nyingine kwamba ameukata vibaya, itabidi aanze tena kutoka shinani. Tabora maneno kama hayo hayahitaji ufafanuzi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mkaa karibu na geti lake alihamishia magunia yote upande wa pili wa barabara, akawa anamwamkia kwa heshima iliyozidi kipimo. Veneranda hakumsahihisha. Kwanza angeanzia wapi, na pili, ile ilikuwa mojawapo ya salamu chache alizopata kwa siku.

Ukweli ni kwamba alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo kimoja kidogo mjini, na pembeni ya kufundisha alikuwa anafanya utafiti wa shahada ya uzamivu chini ya chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Miti yake ilikuwa ya huko. Mti wa kwenye kompyuta hauna kivuli wala kuni. Ni namna tu ya kupanga mambo: juu kunakaa kitu kimoja, chini yake viwili vitatu, chini ya kila kimoja vingine, mpaka unafika kwenye majani, yaani vile ambavyo havina kitu chini yao. Ukoo hupangwa hivyo hivyo. Mti ukishakuwa na matawi maelfu kwa maelfu, mashine hulemewa, na hapo ndipo anapotakiwa mtu wa kuuliza kipi kibaki, kipi kikunjwe na kipi kiachwe. Mtu huyo alikuwa Veneranda.

Kazi hiyo ilikuwa kwenye damu, kama ukitaka kuamini mambo ya damu. Babu wa bibi yake alikuwa mpagazi. Alitembea na misafara kutoka Unyanyembe hadi pwani na kurudi, na kwao ilisimuliwa kwamba sifa yake haikuwa nguvu bali kufunga mzigo: alijua kipi kinaingia ndani ya kipi, na kipi kinaweza kuachwa kambini bila mtu kukililia mbele ya safari. Veneranda aliipenda habari hiyo kuliko alivyoipenda tasnifu yake.

Tasnifu ilikuwa imemla miaka. Erasmus, mwalimu aliyekuwa mchumba wake, alihamishiwa Mwanza, akawa anapiga simu kila siku, kisha kila wiki, kisha akaoa. Wenzake wa ofisini walikuwa wakimtania kuhusu harusi. Ikafika wakati wakaacha, na siku alipogundua kwamba wameacha aliumia kuliko alivyowahi kuumizwa na utani wenyewe. Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili na mngurumo wa friji. Alipika wali wa mtu mmoja, akaula huku anasoma, na mara nyingine Jumapili jioni aligundua kwamba tangu Ijumaa hajasema neno lolote kwa mtu ila "niwekee na nyanya". Alikuwa mpweke, na alijua kwamba ni mpweke, na alikuwa amechoka kujua.

Mtu pekee aliyeielewa kazi yake alikuwa msimamizi wake, Dakta Raymundi, ambaye alimpigia simu mara moja kwa wiki kutoka Dar. Alikuwa mzee mchangamfu anayependa miti midogo. Kwake yeye, kitu kikisemwa kwa maneno kumi na kinaweza kusemwa kwa matatu, yale saba ni uchafu. Walizungumza mambo ya matawi mpaka salio likaisha, na Veneranda alipoweka simu chini nyumba ilinyamaza kuliko mwanzo.

Sasa, utafiti wa namna hiyo unahitaji mti wa kweli wa kujaribia, na Veneranda aliupata kwao, Ipole, kusini ya Sikonge, kwenye msitu wa miyombo ambako watu hulima tumbaku na kufuga nyuki. Chama cha wafuga nyuki cha huko kilikuwa na rejesta kubwa: vijiji, chini ya vijiji nyumba, chini ya nyumba watu, na chini ya watu mizinga yao iliyotundikwa msituni. Katibu wa chama, Sayi, mwanamume mpole mwenye simu iliyopasuka kioo, alitakiwa aibebe rejesta yote humo ndani ya simu, kwa sababu kambini hakuna mtandao, na mtu akikutwa na asali lazima ijulikane papo hapo ni wa nyumba gani. Simu ilikuwa inaganda. Sayi alikuwa akiipigapiga mgongoni kama mtoto aliyekabwa na mfupa.

Veneranda akatengeneza programu ya kuukunja mti huo. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa rahisi. Mwenye mzinga jina lake haliguswi. Lakini ndani ya nyumba mna watu wengi wasio na mzinga, na hao, wakifanana kwa kila kitu isipokuwa jina, yaani wote wanawake au wote wanaume, wamezaliwa mwaka mmoja, hawana mwenzi, hawana mtoto, hukunjwa kuwa jani moja. Linabaki jina la aliyetangulia kuzaliwa, na pembeni yake idadi. Alijaribu pia kuyaacha majina yote yalivyo, na mti haukupungua hata kidogo, maana majina ndiyo mzigo wenyewe. Bila kukunja hapakuwa na tasnifu, wala simu ya Sayi isingeamka.

Huenda umeshaona ni nani hasa wanaokunjwa na kanuni ya namna hiyo. Mapacha. Na Veneranda alikuwa pacha.

Veneranda ni jina alilobatizwa nalo. Nyumbani Ipole aliitwa Doto, na aliyemtangulia kwa muda wa kuchemsha chai aliitwa Kulwa, kama ilivyo kwa mapacha wote wa Unyamwezi. Kulwa alifariki kwa surua wakiwa hawajaanza shule. Siku ya mazishi wanawake wazee walimweka mama yao, Eustadia, ndani ya chumba, wakamfunda neno moja: pacha hasemwi kuwa amekufa. Ukisema, yule aliyebaki atasikia njia iko wazi, atamfuata mwenzake. Sema ametangulia, sema yuko mahali, au nyamaza. Eustadia alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari kila siku, na hakuona ugomvi wowote kati ya rozari na neno hilo. Alilishika. Alishona magauni mawili ya Krismasi mpaka Doto alipomaliza darasa la saba. Aligawa karanga mafungu mawili, na fungu la Kulwa likaliwa na kuku. Mtu akimuuliza ana watoto wangapi, alisema wawili, mabinti, na kama mwulizaji ni mgeni aliondoka akidhani wote wako mjini.

Kwa hiyo Veneranda alipokwenda kijijini na Sayi kuhakiki nyumba moja moja, na wakafika kwa mama yake, yeye mwenyewe ndiye aliyeshika simu ya kuandikia. Mtu asiye na mji wake huandikwa kwa mzazi. Huo ndio utaratibu wa chama, na ilimwuma kidogo kujiandika mtoto wa nyumba akiwa na mvi. Mama yake alikaa kwenye kigoda anamenya viazi vya kukatwa na kukaushwa kuwa michembe. Akasema aandike Kulwa kwanza. Sayi akaangalia juu ya paa. Pale kwenye sehemu ya kuonyesha kama mtu yupo, yaani yu hai, au hayupo, Veneranda akaandika yupo, kwa sababu mama alikuwa anatazama, kwa sababu jua lilikuwa kali, na kwa sababu nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Alijiambia atarekebisha akiwa mezani. Kisha akasahau, au akajifanya amesahau, jambo ambalo kwa mtu makini kama yeye ni gumu zaidi.

Programu ilifanya kazi vizuri ajabu. Mti ulipungua mpaka ukaingia kwenye simu ya Sayi na nafasi ikabaki. Veneranda alikuwa ofisini chuoni, mchana, wenzake wamekwenda kula, na kwa furaha ile ya mtu aliyefanikiwa na hana wa kumwambia, akaamua kujitafuta. Akafungua kijiji, akafungua nyumba ya Eustadia. Chini ya jina la mama yake, ukiacha mizinga, kulikuwa na mstari mmoja tu.

Kulwa, wawili.

Kwanza akacheka. Akadhani kuna hitilafu, akaanza kuitafuta kama anavyotafuta siku zote, hatua kwa hatua. Mwanamke na mwanamke. Mwaka mmoja wa kuzaliwa. Hana mume, hana mume. Hana mtoto, hana mtoto. Mzinga hakuna, mzinga hakuna. Kila alipolinganisha, programu ilikuwa sahihi. Miaka yote aliyoishi baada ya Kulwa, shule za bweni, shahada, safari za Dar, Erasmus, wanafunzi aliowafundisha, friji aliyoinunua, havikuacha alama yoyote ambayo mti ungeweza kuitofautisha na maisha ya mtoto aliyezikwa hajui kusoma. Na kwa kuwa Kulwa alizaliwa kwanza, jina lililobaki lilikuwa la Kulwa. Yeye aliye hai ndiye aliyekuwa nakala. Veneranda akafunika kompyuta, akaenda chooni, akalia huku bomba limefunguliwa ili mlinzi asisikie.

Wiki hiyo Dakta Raymundi alipopiga simu alikuwa anachekelea takwimu. Veneranda akamwambia kwamba kuna nyumba moja, nyumba fulani tu, ambamo mtu hai amekunjwa ndani ya marehemu. Hakusema ni nyumba ya nani. Alitaka kusema, akangoja aulizwe, na mzee hakuuliza.

"Hilo si kosa la programu, Veneranda," alisema. "Programu imeona kilichopo. Weka alama kwamba yule hayupo, imekwisha."

Ilikuwa kweli kwamba ingekwisha. Alama moja. Angeweza kuiweka akiwa mezani pale Ipuli, na mama yake hasomi simu. Lakini chama kilikuwa na desturi yake ambayo hakuna programu iliyoweza kuikunja: kabla ya msimu wa kurina asali wanachama hukusanyika, na Sayi husoma rejesta kwa sauti, nyumba baada ya nyumba, pamoja na walioondolewa kwa kufariki, na mwenye nyumba hujibu kama watu wake wametajwa sawa. Mkutano ulikuwa Jumamosi. Mama yake angesimama mbele ya kijiji kizima asikie ama Kulwa wawili, ama neno ambalo alikuwa amelizuia mlangoni tangu siku ya mazishi.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo msomi huyu hakumwambia mtu. Alijaribu kuiweka ile alama. Alikaa mbele ya kompyuta, akaweka kidole, na kidole kikagoma. Hakuwahi kusema sentensi ya kwamba Kulwa hayupo maishani mwake, hata kichwani. Hakuamini yale maneno ya wanawake wazee. Ila kutoamini mchana ofisini ni kitu kimoja, na kubonyeza ni kingine. Ajifute abaki Kulwa, au amwue Kulwa ili aonekane yeye: hivyo ndivyo alivyoliona, na hakuona njia ya tatu.

Ijumaa asubuhi akapanda basi la Mpanda, akashuka Ipole. Njia ya kwenda kwao ina mchanga, na wenye baiskeli hushuka wakakokota. Mabani ya kukaushia tumbaku yalikuwa yamepoa, msimu umepita, na msitu nyuma yake ulikuwa umeanza kutoa majani mekundu. Watu wawili watatu walimsalimu, mmoja akamwita Kulwa kwa kukosea, kama ambavyo wazee wa pale hukosea siku zote kwa mapacha, na siku hiyo hakuweza kuitika.

Mama yake alikuwa jikoni, maharage yako motoni. Alimwitikia shikamoo yake, akamtazama usoni, akamwambia amekonda. Veneranda alikuwa amepanga kungoja wamalize kula. Hakungoja. Akakaa kwenye kinu kilicholazwa akaeleza yote, akitafuta maneno ya kawaida. Akasema rejesta ni kama ukoo. Akasema simu ni ndogo, mzigo ni mkubwa, wanaofanana wanafungwa pamoja kama kanga mbili za doti moja ambayo haijakatwa. Mama yake alielewa upesi. Alikuwa binti wa watu waliojua kufunga mizigo.

"Basi nitakupa mzinga mmoja wa marehemu baba yako," alisema. "Uwe na chako. Si umesema mwenye mzinga haguswi?"

Veneranda akasema hilo lingefaa. Akapata moyo. Hakuwa amelifikiria kabisa, na lilikuwa rahisi, na halikumwua mtu.

"Na Kulwa naye mmoja," mama akaendelea, akichochea moto. "Ule wa kwenye mninga ni wa Kulwa."

Kama asingekuwa amechoka angecheka. Akamweleza mama yake kwamba hapo majina yangeonekana yote mawili, ni kweli, lakini chama kingempa Kulwa kibali cha kuingia msituni, Sayi angemngoja kambini, na walinzi wangemwuliza mwenye mzinga wa kwenye mninga yuko wapi. Mama yake akasema watu wangapi wana vibali na hawaendi msituni. Wakabishana hapo kidogo, kwa sauti ya chini, kuhusu mtoto ambaye hakuwahi kushika hata kamba ya kupandishia mzinga, na kila mmoja alikwepa neno lile lile kama watu wawili wanaozunguka shimo gizani. Mwisho Veneranda akatoa simu. Akafungua nyumba ya Eustadia, akamsomea mama yake mstari kama Sayi atakavyousoma kesho yake.

Mama akasogea kuitazama simu. Kisha akauliza wewe uko wapi hapo.

"Niko ndani ya Kulwa, mama. Tuko wawili, lakini jina ni lake. Mimi sionekani."

"Imekufanya hivyo kwa nini?"

"Kwa sababu tunafanana. Sina mume, sina mtoto, sina mzinga. Imenitazama mimi, ikamtazama yeye, haikuona tofauti." Akaiweka simu mapajani. "Hata mimi nimetafuta, mama. Sikuiona."

Eustadia aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Alikaa chini, miguu imenyooka mbele yake, kama wanavyokaa wanawake msibani, na akamtazama mwanawe kwa muda mrefu kiasi cha maharage kuanza kushika. Veneranda alimwona mama yake amezeeka, mashavu yameingia, na akaogopa kwamba amemwumiza bure, kwamba alipaswa kubaki Ipuli na kuacha mambo yajisomee yenyewe.

"Miaka yote hii nimenyamaza ili usimfuate," mama yake akasema. "Watu wamenicheka. Padri amenikemea. Nimesema wawili, wawili, mpaka baba yako akafa hajanisikia nikisema vingine. Nilikuwa nakuzuia wewe. Kumbe mimi nafunga mlango, na wewe ulishapita. Ulishamfuata, Doto. Unaishi huko mjini kama yeye anavyoishi alipo."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Veneranda maneno makali kama hayo, na hakuna aliyewahi kumwona vizuri kiasi hicho.

"Andika," mama akasema. "Kulwa alikufa. Alikufa kwa surua, nikamzika mimi na baba yake. Andika, na kesho Sayi asome, nitaitikia."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kisha akajifuta uso kwa upande wa ndani wa kanga. Veneranda akaandika. Kidole kilitii sasa, kwa sababu neno halikuwa lake. Walikaa wote wawili wakasikiliza, kama watu waliorusha jiwe kisimani, na hakuna kilichotokea. Kuku walipita. Jirani alikuwa anatwanga. Nyuma ya woga Veneranda akahisi kitu ambacho hakukitarajia: kwamba kwa mara ya kwanza maishani hana mwenzake mahali popote. Alidhani alikuwa peke yake Ipuli miaka yote. Hakuwa. Kulikuwa na mtu aliyehesabiwa naye, na sasa amemfuta kwa mkono wake. Akalia, na mama yake akalia, na safari hii hakuna aliyefungua bomba.

Walipotulia mama akataka aone. Veneranda akaiendesha programu pale pale jikoni, simu imeegemezwa kwenye debe la unga. Kulwa akaondoka, kama marehemu yeyote asiyeacha mtoto wala mzinga. Lakini Doto hakutokea. Chini ya jina la Eustadia hapakuwa na mstari wowote wa mtu.

Ilimchukua dakika kuelewa, ingawa kanuni aliiandika yeye. Programu ilikuwa na kanuni ya pili, aliyoifurahia sana Dakta Raymundi: tawi likibaki na jani moja tu la watu, na jani hilo ni la mtu mmoja asiye na kitu, hakuna haja ya kuvibeba viwili. Jani hupandishwa, likafungwa ndani ya tawi lenyewe. Nyumba ya mzazi mmoja na mtoto mmoja mtupu huandikwa kama mtu mmoja. Doto alikuwa yumo, ila alikuwa ndani ya mama yake.

"Imekuweka wapi?" mama akauliza.

"Imeniweka kwako. Mimi na wewe tumekuwa jina moja. Lako."

Eustadia akalifikiri hilo, na ikaonekana kwamba halikumchukiza. Akasema si vibaya, ndiko alikotoka, na habari ya mzinga hakuna aliyeirudisha. Akaepua maharage yaliyoungua upande, akayatazama, akaongeza maji. Kisha akiwa amempa mwanawe mgongo akauliza tena, taratibu.

"Na siku nitakapokufa mimi?"

Veneranda angeweza kudanganya. Mama yake hakujua chochote kuhusu miti, na neno moja tu la uongo lingetosha kuwapa wote wawili mchana mwema. Lakini siku hiyo lilikuwa limeshasemwa lililo gumu kuliko yote, na hakuona sababu ya kuanza kuficha.

"Tawi likiondoka linaondoka na kilichomo," alisema. "Itaniondoa na mimi."

Mama yake alikoroga maharage kwa muda. Hakugeuka.

"Basi itabidi nikawie," alisema, akamwambia alete sahani.